Kulala Nako ni Kazi

Haya ni maneno niliyowaambia wahitimu wa mafunzo ya uhudumu wa ndege pamoja na familia zao. Wengi walikuwa safarini siku hiyo, wakaomba niyaweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku ile hakuna aliyezitazama.

Wahitimu, wazazi, ndugu na jamaa mliofika, habari za mchana.

Kwanza naomba radhi kwa hii simu niliyoiweka hapa mezani. Si utovu wa adabu. Niko zamu ya kusubiri mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwenzangu yeyote akiugua, akikwama njiani, au ndege ikichelewa hadi saa za kazi za wenzetu zikaisha, simu hii italia, nami nitawaacha hapa sentensi ikiwa mdomoni. Sanduku liko garini, na sare ndiyo hii mnayoiona. Kwa hiyo makubwa nitayatanguliza. Madogo yatafuata yakipata nafasi.

Nianze na swali. Ni nani humu ndani amewahi kuamka usiku asijue yuko mji gani? Sisemi nyumba gani. Nasema mji gani.

Mimi yamenipata mara nyingi hata sishtuki tena. Mara ya kwanza nilikuwa na miezi minne kazini. Nimeamka, giza totoro, haja imenibana, nikashukia upande wa kulia kwa sababu kwenye hoteli ya jana yake choo kilikuwa kulia. Nikapapasa ukuta, nikapata kitasa, nikafungua, nikaingia. Lilikuwa kabati la nguo. Nikasimama mle ndani, viango vikinigonga paji la uso, nikijiuliza: hapa ni wapi, na leo ni siku gani?

Tangu hapo nina utaratibu. Nikiingia chumbani, kabla sijavua viatu, nachukua karatasi na kuandika mambo matatu kwa herufi kubwa: mji, namba ya chumba, saa ya basi kutuchukua. Karatasi naiegemeza kwenye taa ya kitandani. Taa ya bafuni naiacha inawaka, mlango nauacha wazi kiasi cha kidole. Na hiyo namba ya chumba msiidharau. Ukishalala hoteli tatu ndani ya siku tano, miguu inakupeleka kwenye chumba cha juzi. Niliwahi kuhangaika na kadi kwenye mlango wa watu hadi mwenyewe akafungua, amejifunga taulo. Tukatazamana. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikatabasamu na kumwambia, "Karibu sana."

Mnacheka. Chekeni, ndiyo maana nimeyatanguliza hayo. Lakini yule aliyesimama kabatini saa tisa usiku, baada ya saa chache tu alitakiwa awe mlangoni mwa ndege, akihesabu watu, akikagua mitungi ya oksijeni, akijua mkono wa mlango unazungushwa upande gani. Wahitimu, mmefundishwa kuhudumu, mmefundishwa kuzima moto, mmefundishwa kufufua mtu aliyesimama moyo. Mimi nimekuja kuwaambia jambo moja ambalo halikuwamo kwenye mtihani wenu: kulala ni kazi. Kile kipande kilicho kati ya safari na safari, ambacho ratiba inakiita mapumziko, ni kazi. Na wazazi, nimefurahi mko hapa, kwa sababu kazi hiyo haifanyiki ndani ya ndege. Inafanyika nyumbani kwenu.

Nianze na saa.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaihesabu saa kwa jua. Jua likichomoza ni kumi na mbili, likipanda kidogo ni moja. Saa yetu ina mwanga ndani yake. Sasa ratiba za ndege huandikwa kwa ile saa moja ya dunia nzima, UTC, isiyojua asubuhi wala jioni. Kisha kuna saa ya mji uliotua. Kisha kuna saa iliyomo mwilini mwako, na hiyo haina kitufe cha kurekebishia.

Mwezi mmoja wa Desemba nililala Helsinki. Kule wakati huo jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa alasiri. Nikampigia mama simu, nikamwambia, "Mama, huku ni saa tatu asubuhi na hakujapambazuka." Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi bado si saa tatu."

Nilicheka siku nzima. Lakini mwili wako unafikiri kama mama yangu. Ndani ya ubongo kuna saa, na inachofuata ni mwanga. Ukiruka kutoka bara hadi bara, saa hiyo haijui kama umesafiri. Inajisogeza polepole, kwa kadirio la saa moja kila siku. Umevuka majira ya saa 8? Itahitaji wiki nzima ili ilingane na huko ulikokwenda. Wewe umepewa usiku mmoja. Kuelekea mashariki ni kubaya zaidi, kwa sababu unaulazimisha mwili ulale kabla haujataka, na mwili hupenda zaidi kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Basi ufanye nini? Wapo watakaokwambia ingia jua la mwenyeji mara moja. Kwa mtalii wa wiki mbili, sawa. Kwako wewe uliyepewa saa 24, mimi nasema baki na saa ya nyumbani. Kula nyumbani wakilapo, lala nyumbani walalapo, fumba mapazia, acha mji uendelee na mambo yake. Mshika mbili moja humponyoka. Nimewaona wageni kazini wakijaribu kuishi saa za pande zote mbili. Siku ya tatu wanamimina chai nje ya kikombe huku wanamtazama abiria usoni.

Kalenda nayo hainusuriki. Ukiruka usiku kutoka Los Angeles kwenda Auckland unavuka mstari wa tarehe: unaondoka tarehe 3, unatua tarehe 5. Tarehe 4 ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Haikuwepo. Wenzangu waliniimbia pale jikoni mwa ndege, juu ya bahari, wakabishana kama nimetimiza mwaka au bado.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo kila shangazi na kila mjomba aliyeketi hapa anapaswa kuisikia, maana ndio mnaouliza: "Ulikuwa Paris? Mbona hukuleta hata picha?"

Tuseme ratiba imempa mwanenu mapumziko ya saa 10. Nchini Marekani hicho ndicho kiwango cha chini kwa wahudumu tangu kanuni ilipobadilishwa mwaka 2022. Kabla ya hapo kilikuwa saa 9, na kiliweza kushushwa hadi 8. Saa 10 ukizisikia ni nyingi, sivyo? Hebu tuzihesabu. Kushuka, uhamiaji, basi hadi hotelini: moja imekwenda. Kusubiri funguo, kuoga, kutia kitu tumboni: nyingine imekwenda. Geuka upande wa pili. Kuamka, nywele, uso, pasi ya shati, basi, ukaguzi wa uwanjani: mbili zimekwenda. Zimebaki 6. Na hizo 6 zinakutaka uzimike kama taa, huku mwili unakwambia ni saa nane mchana na mtu wa usafi anagonga mlango wa jirani.

Upo mji nimelala mara zisizopungua 40. Mniulize makumbusho yake, sijui. Mniulize malkia wao alizikwa wapi, sijui. Naijua barabara ya kutoka uwanjani, duka moja la dawa, na harufu ya zulia la ghorofa ya sita.

Siwadanganyi, yapo mazuri. Siku moja Istanbul niliamka alfajiri usingizi umekata, nikashuka bandarini, nikapanda kivuko kuvuka Bosphorus. Kama dakika 20 hivi, nimetoka Ulaya nimeingia Asia, ndege wa baharini wanatufuata nyuma, hakuna ninayemhudumia, hakuna anayeniita. Nikageuza na kivuko kilekile, nikarudi kulala. Ile safari sikuipiga hata picha. Lakini mara ngapi hutokea? Chache, wanangu. Na zikitokea, zichukueni, ila msizitafute kwa kuuza usingizi.

Kwa nini ninang'ang'ania usingizi kama daktari? Nitawaambia habari ya mtu wa kwanza kabisa kuifanya kazi yetu. Watu hudhani alikuwa mwanamke. Wengi humtaja Ellen Church, muuguzi Mmarekani aliyetaka kuwa rubani, akaishia kuwa mhudumu wa kwanza wa kike mwaka 1930. Lakini kabla yake alikuwepo Heinrich Kubis, Mjerumani, aliyeanza mwaka 1912 kwenye vyombo vya Zeppelin, yale maputo makubwa marefu. Kazi yake ilikuwa kuhudumu vyakula na vinywaji angani. Mwaka 1937 alikuwa mhudumu mkuu ndani ya Zeppelin iliyoitwa Hindenburg iliposhika moto ikitua. Kubis alikuwa kwenye chumba cha kulia. Akangoja chombo kiikaribie ardhi, akawahimiza watu waruke madirishani, naye akaruka. Alipona. Miaka 25 tangu sinia ya kwanza, na kazi yenyewe ikaja ndani ya nusu dakika.

Na juzi tu, tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo. Ndege ya Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye njia ya kurukia. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Kwenye ile kubwa walikuwemo watu 379. Moto nje, moshi ndani, mfumo wa matangazo umekufa. Wahudumu walikuwa 9. Wakatumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Milango ilikuwa 8. Waliyoweza kuitumia ni 3. Hebu jiwekeni pale. Uko mlangoni kwako, watu wanakupigia kelele ufungue, watoto wanalia, nawe unachungulia dirishani na kuona moto, kwa hiyo unakataa. Unakataa mbele ya watu wanaokusihi! Unawaelekeza kwenye mlango mwingine ulio mbali zaidi. Wote 379 walitoka hai.

Ule uamuzi wa kutofungua mlango unahitaji kichwa kilicholala. Sijui njia nyingine ya kuusema. Hakuna atakayekuja hotelini kukukagua kama umelala au umeangalia simu hadi saa kumi. Hakuna mkaguzi wa usingizi. Yuko wewe tu, na mapazia yako.

Naona simu bado imenyamaza. Haya, tuendelee kabla haijabadili nia.

Niseme kuhusu wenzenu wa kazi, maana hilo nalo hamkuelezwa. Katika mashirika makubwa utaingia chumba cha maelekezo ukute watu 12 usiowajua hata mmoja. Mtafanya kazi pamoja, mtalala hoteli moja, mtarudi, na huenda msionane tena miaka mitano. Na katikati ya hapo, usiku, abiria wamelala, mtakaa wawili kwenye vile viti vya kukunja mlangoni, bega kwa bega, na mtu atakueleza mambo ambayo hajamwambia mama yake. Sijui ni kiti, sijui ni giza. Nadhani ni kule kujua kwamba hamtaonana kesho.

Pale ndipo nilipokutana na mzee mmoja, kazini miaka mingi kuliko umri wangu wa wakati ule. Akaniambia nyumba yake iko dakika 40 kutoka uwanjani, lakini amekodi chumba kidogo karibu na uwanja, na kila akirudi safari ndefu hulala humo usiku mmoja kwanza, ndipo aende kwake. Moyoni nikasema, huyu ana yake. Nikamuuliza kwa upole, "Na mkeo anakijua hicho chumba?" Akacheka. "Mke wangu ndiye aliyekitafuta."

Sikumwelewa. Nilikuwa sijaolewa, sina mtoto. Nilidhani ndoa yake ina kasoro. Ilinichukua miaka kama minane kuona kwamba huenda ndoa yao ilikuwa na akili kuliko yangu.

Kwa sababu, ndugu zangu, kurudi nyumbani kuna ugumu ambao kuondoka hakuna. Ukiondoka, kila mtu anajua afanye nini. Ukirudi, je? Nyumba imejipanga bila wewe. Vikombe vimehamia kabati lingine. Mtoto ana wimbo usioujua. Mimi nilikuwa narudi kama mkaguzi: nimevuka bahari mbili, sijalala saa 20, badala ya kwenda kitandani nashika ufagio, nauliza nani kaweka hiki hapa, kwa nini kile hakijafuliwa. Siku moja kijana wangu, ana miaka sita, akanishika mkono kwa adabu kabisa, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni, akaniambia, "Mama, sisi huwa tunaiweka hapa."

Sisi. Nilikaa chini na ule ufagio.

Kwa hiyo wenza na wazazi, nawasihi: siku ya kurudi msiihesabu kama siku ya mapumziko. Msimpangie harusi, msimwalikie wageni, msimwachie watoto mkaondoka. Na wewe unayerudi, usishike ufagio. Salimia, kumbatia, lala. Maneno yote mengine yangoje kesho yake. Kama hamna uwezo wa kukodi chumba karibu na uwanja, na wengi hatuna, basi nyumba yenyewe iwe hicho chumba kwa usiku mmoja.

Lipo jingine zito zaidi, na hili sijalimaliza moyoni mpaka leo.

Mwaka mmoja nilikuwa safari ya siku nne. Kila jioni napiga simu, kila jioni naambiwa hawajambo, mtoto amelala. Nimerudi, naingia, mtoto ana bandeji mkononi pale inapoingia sindano ya maji. Alilazwa siku mbili. Homa kali, imeshashuka, yuko sawa, anacheza. Wote walijua: mume wangu, mama yangu, jirani. Mimi tu sikujua. Nilikasirika kiasi ambacho sitawasimulia hapa mbele za watu. Mume wangu alinisikiliza hadi nikachoka, akaniuliza, "Ningekwambia, ungefanya nini ukiwa kule?"

Sikuwa na jibu. Ningefanya nini? Ningelia hotelini, nisilale, kesho yake nisimame mlangoni nikiwa na watu 300 na akili yangu iko wodini. Kulala ni kazi, nilikuwa nimeshaanza kulisema hilo wakati ule. Yeye aliilinda kazi yangu. Lakini tangu siku hiyo, kwa muda mrefu, nikiambiwa kwa simu "hatujambo," nilikuwa siamini. Na mtu asiyeamini halali vilevile.

Tulikaa tukaandikiana sharti. Mkitoka hapa, kaeni nanyi muandikiane la kwenu, kabla ya safari ya kwanza, msingoje bandeji. La kwetu liko hivi: habari nitaambiwa yote, nzuri na mbaya, ila si ndani ya saa kumi kabla ya kuripoti kazini, isipokuwa jambo ambalo naweza kweli kulisaidia. Na nikiambiwa jambo zito, ninapiga simu kazini na kusema siwezi kuruka. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nililifanya mara moja tu. Msimamizi wa upande wa pili akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ndege tuifanyeje?" Nikamjibu kwamba hilo ni la kwake. Nikakata simu huku mikono inatetemeka. Ndege iliondoka na mtu mwingine, aliyekuwa nyumbani kwake, zamu ya kusubiri, simu mezani, kama mimi leo.

Yapo mengine niliyotaka kuyagusa. Sikukuu: mwenye miaka mingi kazini huchagua ratiba kwanza, kwa hiyo ninyi wapya sikukuu zote ni zenu, zikumbatieni. Maji: hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya majangwa mengi, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, kwa hiyo kunyweni kabla hamjasikia kiu. Pete: zivaeni zisizobana, kwa kuwa mgandamizo wa ndani huweza kufanana na wa mlimani, hadi mita 2,400, na vidole huvimba. Mtayajifunza hayo yote kwa wiki moja.

Ninaambiwa kuna chakula nyuma na kwamba mpiga picha anatungoja. Simu haijalia. Zamu yangu haijaisha, imebaki saa mbili na nusu, kwa hiyo naomba picha tuianze sasa hivi, na mimi mniweke pembeni, upande wa mlango.